Kuhamisha lori kuukuu kutoka oili ya kawaida kwenda oili ya sintetiki

Oili ya sintetiki hulinda chuma kilichobaki ndani ya injini. Kilichokwisha kulika hakirudi. Ndiyo maana kazi hii huanza kabla ya kununua hata lita moja. Ijue kwanza hali ya injini, kisha chagua daraja la oili, ndipo ufungue nati ya sampu, lile beseni la oili chini ya injini. Wengi huanzia dukani kwenye galoni, na lori likianza kudondosha oili baada ya wiki mbili, lawama zote huiangukia oili mpya ilhali ubovu ulikuwepo siku nyingi.

Faida zenyewe ni za kweli. Molekuli za oili hii zinakaribiana kwa ukubwa, kwa hiyo haipotei kirahisi kama mvuke inapopata joto, haishikani haraka na oksijeni, na haiwi kaa upesi kwenye beringi za turbo dereva anapozima injini ikiwa bado na moto mkali. Kukiwa na baridi hufika juu kwenye kemshafti mapema zaidi, na sekunde hizo za mwanzo, kabla oili haijaenea, ndizo zinazosaga chuma kwa chuma. Hata hivyo, vumbi linalopenya kwenye filta ya hewa iliyokaa vibaya litakula ringi za pistoni na silinda, oili iwe ya aina yoyote. Kama fedha ni kidogo, anza na filta ya hewa, mipira ya mabomba yake na klipu zake. Hapo ndipo injini nyingi za malori zinapofia.

Ikague injini kwanza

Injini ikiwa baridi, fungua kofia ya kujazia oili na umulike ndani kwa tochi. Utando mwembamba wa kahawia juu ya chuma ni kawaida kwa injini iliyofanya kazi. Ukiona tope jeusi linalobanduka kwa kucha, usiweke sintetiki bado. Sabuni zilizomo ndani ya oili nzuri zitalilegeza tope hilo, nalo litashuka kwenye chujio la pampu lililo ndani ya sampu. Chujio likiziba, presha inaanguka na beringi za krenki zinakosa oili lori likiwa barabarani. Injini ya namna hiyo fungua kifuniko cha juu uisafishe kwa mkono, shusha sampu uoshe chujio, halafu iendeshe kwa oili ya kawaida iliyo nzuri kwa mizunguko mifupi miwili au mitatu kwanza (mzunguko ni umbali kutoka badiliko moja la oili hadi jingine).

Usiioshe injini kwa dizeli au mafuta ya taa. Fundi akimwaga lita kadhaa na kuiacha iungurume dakika chache, beringi zinazunguka ndani ya kitu chembamba kisichobeba mzigo, na sehemu ya uchafu na dizeli hiyo hubaki kwenye mifereji ya oili na kwenye kipoza oili. Oili mpya ndiyo inayokuja kubeba mabaki hayo. Dawa za kuoshea injini zinazouzwa madukani pia hatuzipendekezi kwa injini ya zamani yenye tope, kwa sababu ileile: zinabandua mengi kwa wakati mmoja.

Kuvuja kunahitaji muda zaidi. Osha injini yote, endesha siku chache, kisha ingia chini na tochi. Angalia kiungo cha injini na gia boksi, maana hapo sili ya nyuma ya krenki hujionyesha. Angalia nyuma ya puli ya mbele, gasketi ya kifuniko cha juu, gasketi ya sampu, na mabomba ya turbo. Ile habari kwamba sintetiki inakula sili ina asili yake. Oili za mwanzo za aina hii, zilizotengenezwa kwa msingi wa PAO (oili inayoundwa kiwandani kwa kemikali) pekee, zilisinyaza raba kidogo. Siku hizi watengenezaji huchanganya esta, ambazo huvimbisha raba, na mambo yanasawazika. Kinachotokea kwenye injini kuukuu ni kingine: raba imekauka na kupasuka, tope likaziba ufa, na oili safi ikaja kuliosha tope hilo. Sili iliyo nzima haitavuja.

Kuna kipimo rahisi cha ringi. Injini ikiwa na moto na inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, fungua kofia ya oili na uilaze kichwa chini juu ya tundu lake. Ikitikisika kidogo, sawa. Ikirushwa, au moshi ukitoka kwa msukumo kama bomba la kutolea moshi, gesi ya mwako inapita kwenye ringi. Kabla ya kuhukumu, safisha bomba la kupumulia la injini urudie kipimo. Bomba hilo likiziba, msukumo hupanda hata kwenye ringi nzuri, na oili husukumwa nje kupitia kila sili. Mara nyingi uvujaji unaopewa jina la sili mbovu huisha bomba hilo linaposafishwa.

Pima pia ulaji wa oili. Jaza hadi alama ya juu, tembea kilomita 1,000, kisha upime umeongeza kiasi gani. Pikapu au lori dogo linalomaliza zaidi ya lita moja kwa umbali huo litakuwa linachoma fedha zako kwa oili ya bei kubwa. Tengeneza injini kwanza au baki na oili ya kawaida. Malori makubwa hula zaidi kwa desturi, kwa hiyo fuata kiwango cha kitabu cha injini. Mwisho, funga geji ya presha ya mkono mahali pa sensa na usome presha injini ikiwa na moto, ikiunguruma polepole na pia kwenye mizunguko ya kazi. Andika namba hizo. Utazihitaji baadaye kulinganisha.

Chagua kwa namba zilizo mgongoni mwa galoni

Neno "sintetiki" peke yake halitoshi. Katika nchi nyingi, Marekani ikiwemo, hubeba oili ya PAO pamoja na oili ya Kundi la III, ambayo ni mafuta ya ardhini yaliyobadilishwa kwa hidrojeni na kusafishwa sana. Zote mbili zinafaa kwa lori. Kinachoamua ni daraja la API (la Marekani) au ACEA (la Ulaya), vyombo vinavyopanga viwango vya oili, na kibali cha aliyetengeneza injini.

Kwa dizeli, daraja la API CI-4 lilikuja mwaka 2002, CJ-4 mwaka 2006, na CK-4 mwishoni mwa 2016. CK-4 inaweza kutumika mahali pa hizo zilizotangulia. FA-4 ilitoka pamoja nayo lakini ni nyembamba zaidi na ilitengenezwa kwa injini mpya zilizoiruhusu. Usiiweke kwenye lori la zamani hata muuzaji akikuambia ndiyo ya kisasa zaidi. Lori lenye chujio la masizi kwenye egzosi linataka oili ya majivu kidogo, na CJ-4 na CK-4 zina ukomo wa asilimia 1.0. Masizi huungua chujio linapojisafisha, majivu hayaungui. Yanakaa humo mpaka chujio lifunguliwe.

Salfa ya dizeli ina uzito wake katika uamuzi huu. CJ-4 na CK-4 zilitungwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi ppm (sehemu kwa milioni) 500, na hata ikizidi ppm 15 tu mzunguko wa oili unaweza kufupika, kwa sababu salfa hugeuka asidi ndani ya injini na asidi hula akiba ya alkali ya oili, ile inayoandikwa TBN. Kama dizeli unayopata ni chafu na injini haina chujio la masizi, sintetiki ya CI-4 yenye TBN ya 10 au zaidi itakutumikia vizuri kuliko CK-4 yenye TBN ndogo. Kisha tafuta kibali cha kampuni ya injini: VDS-4.5 kwa Volvo, CES 20086 kwa Cummins, MB 228.51 kwa Mercedes-Benz, na mfano wa hizo. Malori ya petroli yana mfuatano wake. API SP ya mwaka 2020 inafaa mahali pa zilizotangulia.

Upande wa mnato, shika namba ya pili ileile. Injini iliyozoea 15W-40 ihamie 10W-40 au 5W-40, isiende 5W-30. Oili yenye namba 40 ina mnato wa kuanzia 12.5 hadi chini ya 16.3 cSt (kipimo cha mnato) kwenye nyuzi 100, namba ya mbele iwe 5 au 15. Tofauti yao iko kwenye baridi. Lakini kuna kitu kinachofichwa na namba hizo, nacho ni HTHS, yaani mnato kwenye joto la nyuzi 150 oili ikiwa inakwanguliwa kwa kasi kubwa, kama inavyokuwa ndani ya beringi. Kanuni ya SAE (chama cha wahandisi wa magari) inadai 15W-40 ifike angalau 3.7, ila 5W-40 inaruhusiwa 3.5. Kwa beringi zilizotumika nafasi hiyo ndogo ina maana. Omba karatasi ya sifa za oili na uchague yenye 3.7 kwenda juu. 5W-40 nyingi za malori zinafika.

Siku ya kubadilisha

Kitabu cha lori ndicho kinachosema ujazo. Injini ndogo za dizeli za pikapu huchukua takribani lita 6 hadi 8, na injini za lita 11 hadi 15 za malori marefu huchukua karibu lita 30 hadi 45 pamoja na filta. Nunua na lita mbili za akiba kutoka kundi hilohilo. Andaa filta mpya, na uulize kama injini ina moja au ina ya pili inayochuja polepole pembeni, kwa kuwa hiyo husahaulika miaka. Wosha mpya ya nati ya sampu. Beseni linalozidi ujazo wa sampu. Na chupa safi ya sampuli kama kuna maabara unayoweza kuitumia.

Endesha lori dakika 15 au 20, kisha uliache lipoe hadi oili iwe karibu nyuzi 60. Hapo inatiririka vizuri, uchafu umo ndani yake, na hatari ya kukuunguza imepungua. Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka vigingi kwenye magurudumu. Usiingie chini ya lori linaloshikwa na jeki peke yake.

Fungua kofia ya juu, kisha nati ya sampu. Acha lita ya kwanza ipite ndipo ukinge sampuli ya mililita 100 hivi, maana ile ya chini kabisa hubeba takataka zisizoeleza hali ya injini. Acha ichuruzike nusu saa nzima. Wakati huo chunguza sumaku ya nati kama ipo: uji laini wa kijivu ni wa kawaida, vipande vinavyoonekana kwa macho si vya kawaida. Kata filta ya zamani, kunjua karatasi yake, iminye. Chembe za rangi ya shaba au za fedha zinazong'aa ni chuma cha beringi na bushi. Ukiziona nyingi, kazi ya leo imebadilika, na sintetiki irudi stoo.

Futa kiti cha filta na uhakikishe gasketi ya zamani imetoka pamoja na filta yake. Gasketi mbili zikibanana, oili yote inaweza kumwagika ndani ya dakika chache. Paka oili kwenye gasketi mpya, zungusha kwa mkono mpaka iguse, ongeza robo tatu hadi mzunguko mmoja, basi. Kama mtengenezaji anaruhusu kuijaza filta kabla ya kuifunga, mimina kwenye matundu madogo ya pembeni. Tundu la katikati ni upande safi, na chochote unachomimina hapo kinakwenda moja kwa moja kwenye beringi bila kuchujwa. Funga nati ya sampu na wosha mpya kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu, kwa spana ya kupimia. Sampu za alumini huvuliwa nyuzi na mkono wenye bidii kupita kiasi.

Jaza pungufu ya lita moja hadi mbili kuliko kitabu kinavyosema, sababu kiasi cha oili ya zamani hubaki kwenye kipoza na kwenye mifereji. Zungusha injini kwa stata sekunde 10 bila kuiwasha, kwa njia ambayo kitabu kinaruhusu, kisha iwashe na usiikanyage. Taa ya oili izime ndani ya sekunde 10 hivi. Ikifika 15 haijazimika, zima injini utafute sababu. Iache iungurume dakika tano ukiangalia filta na nati, zima, subiri dakika 10, pima kwa kijiti, ongeza kidogo kidogo mpaka karibu na alama ya juu. Usiipite. Krenki ikifikia oili huipiga ikawa povu, na povu halibebi mzigo.

Injini ambazo injekta zake husukumwa na presha ya oili, kwa mfano Power Stroke ya lita 7.3 iliyofungwa kwenye Ford, hubakiza oili kwenye tangi dogo la pampu ya presha ya juu, na zinaweza kutetemeka kidogo zikiwashwa mara ya kwanza hadi hewa itoke. Kwa injini hizi uwezo wa oili kuzuia povu ni jambo kubwa, kwa hiyo usibahatishe daraja.

Oili chafu iweke kwenye chombo kinachofungwa, bila kuichanganya na maji ya rejeta wala petroli, uipeleke kwa wanaozikusanya.

Mizunguko miwili ya kwanza

Hapa ndipo subira inalipa. Usirefushe kilomita mara moja, hata galoni likiandika nini. Injini ndogo: badilisha oili na filta kwenye nusu ya umbali uliozoea. Lori lililokuwa likibadilishwa kila kilomita 10,000 libadilishwe kwenye 5,000. Kwa lori linalobeba lita 40, kumwaga oili yote ni gharama kubwa. Badilisha filta peke yake kwenye nusu hiyo, jazia kilichopungua, na uchukue sampuli. Sababu ni filta yenyewe: uchafu unaolegea huijaza, ikijaa vali yake ya dharura hufunguka, na kuanzia hapo oili inazunguka bila kuchujwa na hakuna taa itakayokuambia. Mzunguko wa pili uende umbali wa kawaida.

Pima kwa kijiti kila asubuhi kwenye kilomita 1,000 za mwanzo. Oili ya dizeli ikiwa nyeusi baada ya siku moja ina maana imebeba masizi, kazi iliyotengenezewa, rangi isikutishe. Kitu cha kukutisha ni kiwango kinachopanda. Oili ikiongezeka bila wewe kuiongeza, dizeli au maji yanaingia ndani, na lori lisitembee mpaka ijulikane yanaingilia wapi.

Moshi wa bluu nao una maelezo yake. Ukitoka kwa pumzi moja baada ya kuteremka mlima mrefu, kisha ukaisha, mashaka yawe kwenye sili za vali. Ukiendelea muda wote lori likivuta mzigo, ni ringi au turbo. Ulaji ukipanda kidogo kwenye mzunguko wa kwanza, vumilia. Wakati mwingine ringi zilizokwama kwa kaa huachia baada ya mizunguko miwili au mitatu na ulaji ukashuka. Kelele ya tapeti pamoja na presha chini ya zile namba ulizoandika ni habari tofauti: chunguza chujio la pampu kabla ya kufikiria oili nzito zaidi.

Sili ya nyuma ikianza kutoa matone machache, pima na uendelee. Kuibadilisha ni kushusha gia boksi, na ni busara kungoja siku ya klachi. Dawa za kuzuia kuvuja hulainisha raba zote, nzima na mbovu, kwa hiyo ziache.

Kurefusha kilomita

Gharama ya sintetiki hurudi hasa kwa kurefusha mzunguko, na anayestahili kuamua hilo ni maabara. Ripoti moja haitoshi. Ripoti tatu zenye mwelekeo mmoja zinatosha. Silikoni ikipanda pamoja na alumini, vumbi linaingia: rudi kwenye filta ya hewa. Sodiamu au potasiamu huashiria maji ya rejeta. Risasi na shaba ni za beringi, chuma na kromu ni za silinda na ringi. Dizeli ikizidi asilimia 5 ndani ya oili, tafuta injekta inayovuja. TBN ikishuka hadi nusu ya ile ya oili mpya, umefika mwisho wa mzunguko wako, na hapo ndipo pa kuweka alama. Ongeza robo ya umbali kwa hatua moja, chukua sampuli, ndipo uongeze tena.

Hesabu na saa za kusimama injini ikiwaka. Lori la tanki linaloendesha pampu yake, au lenye kreni, huchosha oili bila kilomita kusogea. Saa moja ya kuunguruma tu ihesabu kama kilomita 40 hivi, na ya kuendesha pampu ihesabu zaidi. Lori linalofanya safari fupi fupi, dizeli yenye salfa nyingi, au barabara za vumbi muda wote: bakia kwenye umbali wa kitabu.

Ikitokea umepungukiwa njiani, jazia oili ya kawaida yenye mnato na daraja lilelile. Zinachanganyika bila madhara, ila mzunguko huo urudishe kwenye umbali wa zamani. Na ulaji ukibaki mkubwa baada ya mizunguko mitatu, rudi kwenye oili ya kawaida ya daraja linalotakiwa kwa utaratibu uleule wa kumwaga na kubadilisha filta. Injini haitadhurika kwa kurudi huko, na fedha utakayobakiza ielekeze kwenye ringi na sili.